"Kreatinini iko kawaida" na dhana nyingine zinazowachelewesha wagonjwa wa figo

Kauli inayochosha kuliko zote katika kliniki za Nyanda za Juu Kusini ni hii: "Kreatinini imetoka kawaida, kwa hiyo figo ni nzima." Kreatinini ni taka ya kwenye damu ambayo figo huichuja. Mwenye presha au sukari anakunja karatasi ya maabara, anapanda basi la Makambako, na hapimi tena mpaka miguu ivimbe.

Ile mipaka iliyochapwa pembeni ya jibu mara nyingi haizingatii umri wako wala wingi wa misuli yako, na kreatinini hutoka kwenye misuli. Chukua 1.2 mg/dL, ambayo karatasi nyingi huipitisha. Kwa kanuni ya CKD-EPI ya 2021, inayotumia kreatinini, umri na jinsia kukadiria kasi ya figo kuchuja damu (eGFR, kwa mililita kwa dakika), kijana wa kiume wa miaka 25 anapata eGFR ya 86 hivi. Mama wa miaka 65 mwenye 1.2 hiyohiyo anapata 50, yaani yumo hatua ya G3a ya ugonjwa sugu wa figo (eGFR 45 hadi 59) ikiwa hali hiyo imedumu zaidi ya miezi 3. Na kama amekonda sana, hata hiyo 50 huenda inampendelea.

Basi ulizia eGFR, kisha ulizia ya mara iliyopita ilikuwa ngapi. Namba moja haikuambii figo zinaelekea wapi. Nunua daftari la mistari, andika tarehe, kreatinini na kizio chake, eGFR, albumini (protini ya damu) iliyovuja kwenye mkojo, presha na dawa ulizoanza. Kizio ndicho kinachozua vilio: aliyepimwa Mafinga akapewa 1.2 mg/dL, akija Mbeya mjini anaweza kupewa 106 kwa mikromoli kwa lita. Ni kitu kilekile, umezidisha kwa 88.4 tu. Ukiweza, rudi maabara ileile. Usipime siku moja baada ya kuharisha, wala asubuhi baada ya kula nyama choma usiku. Kaa bila nyama kwa muda wa saa 12 kabla ya kupima.

eGFR ikishuka kwa zaidi ya asilimia 20 kati ya vipimo viwili, usiseme ni mashine: tafuta sababu. Ikipungua kwa zaidi ya namba 5 (si asilimia) kila mwaka, na mwendo huo ukaendelea, ugonjwa unakimbia. Mwenye G3a asiye na albumini kwenye mkojo inamtosha kupima mara moja kwa mwaka. Wa G4 (eGFR 15 hadi 29) ni mara 3 au zaidi.

Albumini yenyewe hupuuzwa, na inakera. Mtu anaweza kuwa na eGFR ya 95 huku albumini inavuja. Kijiti cha mkojo hukosa kiasi kidogo, kwa hiyo omba uwiano wa albumini na kreatinini, kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi. Chini ya 30 mg/g ni salama, zaidi ya 300 ni nyingi mno.

"Mbona nakojoa vizuri?" Figo zilizochoka hushindwa kukoleza mkojo, ndiyo maana wengine huamka usiku mara tatu. Wingi wa mkojo si kipimo.

"Mgongo hauniumi." Ugonjwa huu kwa kawaida hauumi. Mgongo ulioumia kwa kuchimba viazi Uporoto ni misuli, na diklofenaki, dawa ya maumivu unayomeza kila jioni ndiyo inayoweza kuziumiza figo.

"Losartani imepandisha kreatinini, nimeiacha." Hapana, usiache dawa hii ya presha. Kreatinini ikipanda isizidi asilimia 30 ndani ya wiki 4 za mwanzo, dawa huendelea. Pima kreatinini na potasiamu wiki ya 2 hadi ya 4, daktari ndiye aamue.

"Nimeambiwa niache parachichi na ndizi." Vyakula hivyo vina potasiamu, madini ambayo figo dhaifu hushindwa kuyatoa, lakini nani kaipima kwenye damu yako? Ikiwa 4.5 mmol/L, hakuna sababu ya kumnyima mtu wa Rungwe ndizi zake. Ikivuka 5.5, hapo tunapunguza, na viazi vinakatwa vidogo, vinachemshwa kwa maji mengi, na maji hayo yanamwagwa.