"Mwendeshaji amefunzwa upya": dhana potofu kuhusu mafunzo kazini ya ubora na uhandisi wa mifumo

Mafunzo ya ubora na ya uhandisi wa mifumo, yaani kazi ya kuhakikisha sehemu zote za bidhaa zinafanya kazi pamoja, hutajwa sana kiwandani. Hutajwa mkaguzi wa nje anapokaribia, hutajwa mteja anaporudisha mzigo wenye kasoro, na hutajwa tena siku bajeti inapokatwa. Humo katikati zimeota imani kadhaa ambazo watu wenye nia njema wanazishika kama kanuni, huku zikiwagharimu mafundi, wakaguzi na wahandisi. Nimechagua zile ninazoziona zina madhara makubwa. Zote nazipima kwa swali moja: baada ya mafunzo, ni uamuzi gani unafanywa tofauti kwenye mashine, kwenye meza ya vipimo au kwenye hati ya mahitaji ya mfumo, yaani orodha ya yale ambayo bidhaa inapaswa kuyatimiza?

Dhana: Kasoro ikitokea, dawa ni kumfunza upya mwendeshaji

Naanza na hii kwa sababu inaumiza watu wasio na hatia. Fungua majalada ya hatua za marekebisho katika viwanda vingi na utaikuta sentensi ileile: "Mwendeshaji amefunzwa upya." Ipo tarehe, ipo sahihi, na shauri limefungwa. Wiki chache baadaye kasoro inarudi, safari hii kwa mtu mwingine wa zamu nyingine.

Ukweli ni kwamba kasoro nyingi zimo ndani ya mchakato wenyewe. Walter Shewhart, mtaalamu wa Marekani aliyechora Mei 1924 chati ya kwanza ya udhibiti (grafu inayofuatilia vipimo vya mchakato pamoja na mipaka yake), alitufundisha kutenganisha mambo mawili: kuyumba kwa kawaida, ambako mchakato unakuzaa kila siku hata kila mtu akifanya kazi sawasawa, na kuyumba kunakotokana na jambo mahususi lililoingia, kama vile kisu kilichovunjika au malighafi ya aina nyingine. Kumfunza mtu kunaweza kusaidia pale tu jambo mahususi lililoingia ni kutojua kwake.

W. Edwards Deming, mtaalamu wa ubora wa Marekani, alikuwa na zoezi la kulionyesha hili. Watu wa kujitolea wanachota shanga kwa kibao chenye matundu 50 kutoka kwenye sanduku ambamo shanga moja katika kila tano ni nyekundu, na nyekundu ndiyo kasoro. Wanafundishwa namna moja tu ya kuchota. Wanasifiwa, wanakaripiwa, wengine wanaachishwa kazi palepale mbele ya wenzao. Idadi ya nyekundu inapanda na kushuka, lakini wastani unaendelea kuzunguka kumi. Hakuna somo litakalompa mchotaji uwezo wa kuziepuka, kwa kuwa zimo sandukuni, na aliyelijaza sanduku si yeye.

Kabla ya kuandika "amefunzwa upya", uliza kwanza kama mtu huyu amewahi kuifanya kazi hii sawasawa. Kama amewahi, ujuzi anao. Sasa tafuta kwingine: kishikizi cha mashine kilicholegea, mchoro wa toleo la zamani ulioachwa mezani, mwanga hafifu, mwendo wa mstari ulioongezwa bila kupima athari zake, au sehemu mbili zinazofanana ambazo zote zinaingia kwenye tundu moja. Hili la mwisho linatibiwa kwa kubadilisha umbo ili sehemu isiyo yake isiingie kabisa. Na kama kuna wa kupelekwa darasani, mara nyingi ni timu inayochunguza vyanzo vya kasoro, ijifunze kusoma chati, kukusanya ushahidi na kutoishia kwenye jina la mtu.

Dhana: Mwenye miaka 20 kazini hana la kujifunza

Uzoefu ni mali, na wanaoudharau wanakosea. Ila uzoefu hauji na taarifa za mabadiliko yaliyotokea nje ya karakana yako.

Chukua uchambuzi wa hitilafu na athari zake, ule unaojulikana kwa herufi FMEA. Kwa miongo kadhaa watu walizidisha namba tatu, yaani uzito wa athari, uwezekano wa kutokea na ugumu wa kugundua, kila moja kuanzia 1 hadi 10, kisha wakashughulikia kwanza hitilafu yenye zao (jibu la kuzidisha) kubwa zaidi. Mwaka 2019 vyama viwili vya sekta ya magari, AIAG cha Marekani na VDA cha Ujerumani, vilitoa mwongozo wa pamoja, vikaiacha hesabu hiyo na kuweka jedwali la kipaumbele cha hatua lenye ngazi tatu: juu, kati na chini. Sababu yake unaiona kwa mfano mmoja. Hitilafu yenye 10, 4 na 2 inatoa zao la 80. Nyingine yenye 4, 5 na 5 inatoa 100. Kwa hesabu ya zamani ya pili ndiyo inayotangulia, ingawa ya kwanza inagusa usalama wa mtumiaji. Kwa jedwali jipya ya kwanza inaingia ngazi ya juu na ya pili inabaki chini. Mhandisi aliyebobea katika njia ya zamani, asipofunzwa mpya, ataendelea kuipanga kazi kinyume kwa bidii na uaminifu wote.

Lipo pia kosa la watu makini. Fundi anapima kila sehemu inayotoka, na ikipotoka kidogo tu kutoka katikati anairekebisha mashine kwa kiasi hichohicho. Inaonekana ni uangalifu. Lakini kama mchakato umetulia, kurekebisha kila mara kwa kiasi kamili cha mkengeuko wa mwisho kunafanya variansi (kipimo cha jinsi matokeo yanavyotawanyika) iwe mara mbili ya ile ambayo angeipata kwa kuiacha mashine ilivyo. Karibu na hilo upo mkanganyiko kati ya mipaka ya udhibiti, inayotokana na tabia ya mchakato, na mipaka ya mchoro, inayotokana na anachotaka mteja. Nimekutana na watu hodari sana wanaoichora yote miwili kwenye chati moja na kuisoma kama kitu kimoja. Mambo haya mtu hayagundui kwa kukaa miaka mingi kazini, kwa sababu mashine haimwambii.

Dhana: Orodha ya mahudhurio inatosha kuwa ushahidi

Kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa ubora, ISO 9001 cha mwaka 2015, kifungu cha 7.2, kinazungumzia umahiri. Kinataka shirika liamue umahiri unaohitajika kwa kila kazi inayogusa ubora, lihakikishe watu wanao kwa njia ya elimu, mafunzo au uzoefu, lichukue hatua pale unapopungua, *na lipime kama hatua hizo zimefaa*. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayorukwa. Sahihi 30 kwenye karatasi zinathibitisha kwamba watu 30 walikuwapo.

Kupima kufaa si lazima kuwe kazi kubwa. Ukimfunza mtu kutumia maikromita, kifaa cha kupimia unene mdogo, mpe vipande kumi avipime mara mbili bila kuona majibu yake ya kwanza, kisha mlinganishe na mwenzake. Tofauti zao zitakueleza zaidi ya fomu yoyote ya maoni. Ukiwa umefunza uandishi wa mahitaji ya mfumo, chukua mahitaji matano yaliyoandikwa mwezi mmoja baadaye na uulize kama kila moja linaweza kuthibitishwa kwa jaribio, ukaguzi, uchambuzi au onyesho.

Na cheti cha ISO 9001 kilichoning'inizwa mapokezi kinahusu mfumo wa usimamizi wa shirika. Hakimthibitishi mfanyakazi yeyote binafsi, na ISO yenyewe, shirika la kimataifa linaloandika viwango, haitoi vyeti hivyo. Hutolewa na mashirika ya ukaguzi yaliyo nje yake.

Dhana: Siku nne mfululizo darasani na mambo yamekwisha

Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alichapisha mwaka 1885 majaribio yaliyoonyesha jinsi kumbukumbu inavyoporomoka haraka mwanzoni, na jinsi kurudia kwa vipindi vilivyoachana kunavyoifanya ishike. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha kwamba wanafunzi waliojijaribu kukumbuka walichosoma walikibakiza zaidi baada ya wiki moja kuliko waliokisoma tena na tena. Kwa mtu wa ubora hii ina maana saa mbili kila wiki, zenye maswali na data halisi ya mstari wake, zinaweza kufanya kazi ambayo siku nne za slaidi hazitaifanya.

Pale kazini penyewe, njia iliyojaribiwa ipo tangu Vita Kuu ya Pili, pale Marekani ilipolazimika kuwafunza wafanyakazi wengi wapya kwa haraka katika mpango ulioitwa Training Within Industry. Hatua zake ni nne. Mwandae mfanyakazi na ujue anachokijua tayari. Mwonyeshe kazi hatua kwa hatua, ukieleza mambo muhimu na sababu zake. Mwache aifanye mwenyewe huku akikueleza. Kisha mfuatilie, ukipunguza kidogokidogo. Wengi wetu tunaishia hatua ya pili.

Ukiambiwa na mwezeshaji kwamba binadamu hukumbuka asilimia 10 ya anachosoma na asilimia 90 ya anachotenda, usizichukue namba hizo. Hubandikwa kwa jina la Edgar Dale, mtaalamu wa elimu wa Marekani, na mchoro wake wa koni wa mwaka 1946, lakini koni ile haikuwa na asilimia yoyote. Kutenda kunasaidia kweli, na hakuhitaji takwimu za kubuni kukutetea.

Dhana: Ukishapata cheti, umemaliza

Jibu ni fupi. Cheti cha mhandisi wa ubora cha ASQ, chama cha ubora cha Marekani, huhuishwa kila baada ya miaka 3, kwa kukusanya pointi 18 za shughuli za kitaaluma au kwa kurudia mtihani. INCOSE, baraza la kimataifa la uhandisi wa mifumo, nayo inadai uhuishaji wa cheti chake cha uhandisi wa mifumo kiitwacho CSEP. Kuhusu mikanda, yaani vyeti vya ngazi za Six Sigma, njia ya kupunguza kasoro iliyozaliwa kampuni ya Motorola mwaka 1986, hakuna chombo kimoja duniani kinachoisimamia. Mkanda mweusi mmoja unaweza kuwa umetokana na miradi iliyokaguliwa na mtihani mgumu, mwingine na wikendi moja. Muulize mwenye mkanda alibadilisha mchakato upi.

Dhana: Uhandisi wa mifumo ni wa wabunifu, watu wa ubora hauwahusu

Tarehe 23 Septemba 1999 chombo cha NASA kiitwacho Mars Climate Orbiter kilipotea kilipofika Mars. Programu ya ardhini ilitoa namba za msukumo kwa vipimo vya pauni-nguvu-sekunde, wakati waliozipokea walizichukua kuwa ni nyutoni-sekunde, tofauti ya karibu mara 4.45. Chombo kilichopangwa kupita takriban kilomita 226 juu ya sayari kikaingia kwa takriban kilomita 57.

Wengi wanaikumbuka habari hii kama kosa la vipimo tu. Bodi ya uchunguzi iliorodhesha pia mambo yaliyochangia, na miongoni mwake ni mafunzo yasiyotosha, timu ya uongozaji kutokijua chombo vizuri, mawasiliano hafifu kati ya timu, na uthibitishaji wa programu ya ardhini usiokidhi. Kila moja la hayo liko kwenye mpaka kati ya kundi moja na jingine, na mpaka huo ndipo mtu wa ubora anapofanya kazi: anapopokea mchoro, anapoangalia kipimo kimeandikwa kwa kizio gani, anapouliza hitaji hili litathibitishwa vipi na nani.

Kiwango cha kimataifa cha uhandisi wa mifumo, ISO/IEC/IEEE 15288, kilichotoka upya mwaka 2023, kinauangalia mfumo tangu wazo hadi unapoachishwa kazi, na uzalishaji umo humo ndani. Kama ningepewa siku moja tu ya mafunzo kwa kikundi kimoja, ningewakalisha mbunifu, mkaguzi, mwendeshaji na mtu wa ununuzi kwenye meza moja, niwape hati moja halisi ya kiunganishi kati ya sehemu mbili za bidhaa yao, na kila mmoja aeleze kwa maneno yake anachoelewa katika kila mstari. Pale wanapotofautiana pawe ndiyo mada ya kipindi kinachofuata.