Kupinga vita bila kumtupa askari

Mjumbe hauawi. Raia wengi wa Uganda wanaopinga vita vya nje husema hivyo wanapoulizwa kama wana chuki na wanajeshi. Msemo ni mzuri, lakini haumsaidii mama wa askari aliyeko Somalia ambaye posho ya mwanawe imekwama miezi kadhaa, wala mjane ambaye jina lake halimo kwenye fomu. Nashughulika na sheria za jeshi na madai ya familia za wanajeshi. Msimamo wangu ni kwamba anayepinga vita ana nafasi nzuri ya kumtetea askari kuliko anayeimba sifa za vita hivyo, kwa sababu yeye haoni haya kuuliza maswali.

Kwanza, pinga pale panapostahili. Askari hachagui pa kwenda. Ibara ya 208 ya Katiba ya 1995 inaliweka jeshi chini ya mamlaka ya kiraia, na ibara ya 210 inalipa Bunge kazi ya kutunga sheria za jeshi, ikiwemo ya kupeleka vikosi nje ya nchi. Sheria ya UPDF (jeshi la Uganda) ya 2005 inasema Rais anaweza kupeleka vikosi nje kulinda au kulazimisha amani kwa idhini ya Bunge. Bunge likiwa mapumzikoni, Spika anatakiwa kuliita likae ndani ya siku 21. Kutangaza vita kuna ibara yake, ya 124: theluthi mbili ya wabunge wote, na ikibidi Rais atangulie kutangaza, aombe idhini kabla ya saa 72 kupita.

Linganisha safari zenyewe. Kwa Somalia, Bunge lilipitisha Februari 2007 na askari wa kwanza wakatua Mogadishu Machi 2007. Kwa Sudan Kusini, askari walivuka Desemba 2013 na Bunge likapiga muhuri Januari 2014. Machi 2025 yakawa yale yale: vikosi vilikuwa Juba tayari wabunge walipoketi. Operesheni Shujaa ya jeshi la Uganda ilianza Kongo tarehe 30 Novemba 2021, na wabunge wakahoji mbona hawakuulizwa. Kwa hiyo ukitaka kupinga kwa nguvu, usiseme tu "warudisheni nyumbani". Uliza idhini ilitolewa lini, kwa muda gani, kwa bajeti ipi, na nini kitahesabiwa kuwa mwisho wa kazi. Muulize mbunge wako na Kamati ya Ulinzi na Mambo ya Ndani, si koplo aliye likizoni Lira.

Maswali hayo yana msimu wake. Waziri wa Ulinzi hutakiwa kuwasilisha taarifa ya sera ya wizara bungeni kabla ya tarehe 15 Machi, bajeti huletwa kabla ya tarehe 1 Aprili na kupitishwa kabla ya tarehe 31 Mei. Barua inayofika Juni imechelewa mwaka mzima. Andika ukurasa mmoja, swali moja au mawili yenye tarakimu, na nakala kwa karani wa kamati. Ukitumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2005, ofisi ina siku 21 kukujibu. Usiombe idadi ya askari kambini wala ratiba ya misafara. Utanyimwa kwa sababu za usalama, na ni haki unyimwe, maana habari hiyo inaweza kuwaua watu wale wale unaodai kuwapenda. Omba vitu ambavyo adui hafaidiki navyo: malimbikizo ya posho, fidia zilizolipwa na zilizobaki, majeruhi wangapi wamepewa miguu na mikono ya bandia.

Posho ni mahali ambapo wapinga vita wengi hunyamaza, na wanakosea. Kwa miaka kadhaa Umoja wa Ulaya ulilipa dola 1,028 kwa mwezi kwa kila askari wa AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika Somalia, na serikali ya nchi yake ikakata sehemu kabla hazijamfikia. Mwanzoni mwa 2016 Umoja huo ulipunguza mchango wake kwa asilimia 20. AMISOM ikawa ATMIS mwaka 2022, kisha AUSSOM mwaka 2025, majina yakabadilika lakini shida ya fedha ikabaki, na malipo yamechelewa mara kwa mara. Kudai askari alipwe kazi aliyokwisha kufanya si kuunga mkono kazi hiyo. Ni deni. Unaweza kusimama asubuhi moja ukataka vikosi viondoke Somalia na malimbikizo yote yalipwe, na hakuna mgongano wowote ndani yake. Tena vita ambavyo anayepigana analipwa kikamilifu na kwa wakati vina gharama inayoonekana; vita vya mkopo wa jasho la askari ni rahisi mno kuvirefusha.

Sasa makaratasi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo familia huumia zaidi baada ya risasi. Askari wa Umoja wa Afrika akifa Somalia, fidia iliyowekwa ni dola 50,000, zaidi ya shilingi milioni 150. Juu yake kuna haki zake za jeshi na akiba yake ya Wazalendo SACCO, chama cha akiba na mikopo cha wanajeshi. Fedha hizi hazipiti mlango mmoja, na kila mlango huuliza jina.

Tatizo la kwanza ni fomu ya ndugu wa karibu. Kijana huijaza siku anaandikishwa, ana miaka 19, anaandika mama yake au kaka yake. Miaka 10 baadaye ana mke na watoto 3, fomu bado ile ile. Kaka anaitwa kwenye makao ya jeshi Mbuya, mke anabaki kijijini akisikia habari kwa majirani. Dawa yake ni kuibadilisha fomu kabla ya safari, kwa karani wa kikosi, na kubadilisha pia jina la mrithi kwenye SACCO, kwa sababu kubadilisha moja hakubadilishi nyingine.

La pili ni majina. Jeshini ni Okello John, kitambulisho cha taifa kinasema Okelo Johnson, cheti cha ubatizo cha mtoto kina jina la ukoo tu. Hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo hutatua tofauti ndogo, na mhusika akiwa hai ni kazi ya siku moja. Akishafariki, huwa ni mabishano ya miezi.

La tatu ni ndoa. Sheria ya Uganda haimtambui mwanamke kuwa mke kwa sababu tu wameishi pamoja miaka 15. Ndoa ya kimila ni ndoa halali, lakini iandikishwe gombolola; sheria inataka hilo lifanyike ndani ya miezi 6. Watoto ni jambo jingine: mtoto ni mtoto wa marehemu hata kama wazazi hawakuoana. Mwambie hivyo mama yeyote anayefukuzwa matangani na wakwe. Marekebisho ya Sheria ya Urithi ya 2022 yanagawa mali ya asiyeacha wosia hivi: watoto asilimia 75, mke au mume 20, ndugu waliomtegemea 4, mrithi wa kimila 1. Nimeona inafaa kuziandika tarakimu hizi kwenye karatasi na kuziweka mezani kabla kikao cha ukoo hakijaanza, sauti zikiwa bado chini.

Kupata barua za usimamizi wa mirathi, familia huanza na cheti cha kifo kutoka NIRA (mamlaka ya vitambulisho na usajili), barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, na kumbukumbu za kikao cha familia zenye sahihi. Kisha ofisi ya Msimamizi Mkuu wa Mirathi hutoa cheti cha kutopinga. Mjane mwenye uthibitisho wa ndoa kisheria hakihitaji, ingawa wengi hawaambiwi. Ombi huenda mahakamani, tangazo hukaa siku 14, na aliyepewa barua lazima apeleke orodha ya mali mahakamani ndani ya miezi 6. Kinachokwamisha zaidi ni ukoo kumchagua mjomba "anayejua mjini". Chagueni wawili, mmoja wao akiwa mjane au mtoto mtu mzima, na fedha zipite kwenye akaunti yenye sahihi zote mbili.

Kama kikundi chenu cha kanisa, msikiti au chama cha wanafunzi kinataka kufanya jambo moja tu, fanyeni hili: lipieni nauli na ada za familia moja hadi barua zitoke. Mabugo, yaani michango ya rambirambi, huisha na msiba.

Habari ya kifo yenyewe ina adabu yake. Kambi ya Waganda ya Buulo Mareer, Somalia, iliposhambuliwa na al-Shabaab tarehe 26 Mei 2023, siku zilipita kabla Rais hajataja idadi ya Waganda 54 waliouawa. Katika siku hizo uvumi hujaza nafasi. Wapinga vita wana kishawishi cha kusambaza video za wauaji kama ushahidi kwamba vita vimeshindwa. Msifanye hivyo. Video hizo hutengenezwa ili zisambazwe, na kuna mtoto atakayemtambua baba yake kwa viatu. Dai idadi itajwe mapema na kamili, dai familia ziambiwe kwanza. Hayo ni madai mazito kuliko picha. Kenya haikutaja idadi kamili ya askari wake waliokufa kambi ya El Adde, Somalia, iliposhambuliwa Januari 2016, na kimya kile kiliwaumiza wafiwa kwa miaka.

Kumuunga mkono askari hakumfunikii uhalifu. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda kuilipa Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vya 1998 hadi 2003: milioni 225 kwa watu, 40 kwa mali, 60 kwa maliasili, kwa awamu 5 za milioni 65. Analipa mlipa kodi, na miongoni mwa walipa kodi hao yumo askari aliyekaa Ituri, Kongo, bila kuiba hata kuku. Kumtetea huyo ni pamoja na kutaka aliyeiba ahukumiwe.

Najua kwa wazee wetu wengi hili ni gumu. Hapa Uganda Kiswahili chenyewe kiliwafikia kwa mdomo wa askari kwenye kizuizi cha barabarani, na maneno "panda gari", amri ya kuwapakia raia waliokamatwa, bado yanawatetemesha waliokuwepo miaka ya 1980. Kumbukumbu hiyo isibezwe. Lakini kijana anayerudi leo kutoka Shabelle ya Chini, Somalia, hakuwa amezaliwa.

Akirudi, usimuulize ameua wangapi, na usimpe kipaza sauti alaani vita. Nidhamu ya jeshi inambana yeye, haikubani wewe, na video yako ya dakika moja inaweza kumfikisha mahakama ya kijeshi. Muulize analala vipi. Mwezi mmoja wa kuamka akipiga kelele, kushtuka pikipiki ya boda inapopasua moshi, pombe kuanzia asubuhi, au mkono kuwa mwepesi kwa mke, si laana wala si mizimu ya waliokufa. Apelekwe hospitali ya rufaa ya mkoa yenye kitengo cha afya ya akili, au Butabika, hospitali ya taifa ya afya ya akili, kama yuko karibu na Kampala, akiwa na barua ya kikosi chake ikiwezekana. Mke na watoto wakiwa hatarini, wahame kwanza wao, hata kwa wiki mbili, na bunduki kama iko nyumbani ikabidhiwe kambini kabla ya mazungumzo yoyote.