Je, wajua kwa nini mwami (mfalme) wa Bunkeya, huko Katanga, kusini mwa Kongo, ana asili ya Tanzania?

Kutoka Lubumbashi hadi Likasi ni kilomita kama 120, na karibu kila msafiri husimama hapo: anajaza mafuta, anakula bukari na samaki, ananyoosha miguu. Wachache huendelea hadi Bunkeya, upande wa bonde la Lufira. Kwa macho ni kamji ka kawaida tu. Lakini Lubumbashi ilianzishwa 1910, na miaka mingi kabla ya hapo misafara iliyoitafuta Katanga ilikuwa inaelekea Bunkeya.

Mwenye mji alikuwa Msiri, Msumbwa kutoka kaskazini-magharibi mwa Tabora. Kilichomleta mbali hivyo ni shaba.

Wafuaji wa Katanga walichimba mawe ya kijani, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakawasha makaa na kuvukuta kwa mifuko ya ngozi mpaka shaba ikayeyuka. Waliimimina kwenye kalibu, ikaganda kama msalaba wa mikono minne, na msalaba huo ukawa pesa. (Hauhusiani na kanisa. Ndio huo uliowekwa mara tatu kwenye bendera ya Katanga ilipojitenga na Kongo 1960.) Kalasa, baba yake Msiri, alikuwa akija kuununua na kuupeleka mashariki. Miaka ya 1850 mwanawe alikuja, akabaki.

Alibaki kwa nguvu ya bunduki. Wenyeji walipigana kwa mishale. Yeye alipata baruti kutoka pande zote mbili za bara, kwa wafanyabiashara wa pwani ya Waswahili na kwa wale wa Benguela, Angola. Hata mmoja wa wake zake, Maria de Fonseca, alitoka upande huo wa Angola. Tusimpambe lakini: pamoja na shaba, chumvi na pembe za ndovu, aliuza pia watu. Wafuasi wake wakaitwa Wayeke, jina la wawindaji wa tembo kule kwao.

Mwaka 1890 Mwingereza Alfred Sharpe alimletea mkataba, akaukataa. Angeukubali, huenda Lubumbashi leo ingekuwa Zambia. Desemba 1891 ukafika msafara wa Kapteni William Stairs, uliotumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Akakataa tena. Tarehe 20 afisa mmoja, Omer Bodson, alimpiga risasi akafa. Bodson naye akapigwa na watu wa Msiri, hakupona.

Ufalme ukavunjika, ukoo ukabaki. Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga iliyojitenga, wakati wa rais wake Tshombe, alikuwa wa ukoo huo, na baadaye akawa mwami. Wayeke walioana na wenyeji, na wengi leo wanasema Kisanga.

Safari yako ikiangukia tarehe 20 Desemba, tafuta mapema pa kulala. Siku hiyo Wayeke hukusanyika Bunkeya kumkumbuka Msiri.