Michoacán: hawakushika bunduki kwa sababu ya dawa za kulevya

Wengi hudhani sungusungu wa Michoacán, Mexico, waliinuka kukomesha dawa za kulevya. Sivyo. Februari 24, 2013, wakulima wa La Ruana na Tepalcatepec walichoshwa na genge la Caballeros Templarios lililowatoza kwa kila kilo ya ndimu, likapanga hata siku za kuchuma. Wakaziba barabara kwa mifuko ya mchanga, wakapekua magari.

Kilichowaponza ni kupokea wahalifu waliohama genge, “waliosamehewa”, pamoja na silaha zao. Mei 2014 serikali ikaanza kuwavisha sungusungu sare za polisi wa vijijini, na baadhi ya waliosamehewa wakapenya humo. Cherán, mji wa Wapurépecha, wenyeji wa asili wa Michoacán, uliojilinda tangu 2011, uliziba mwanya huo: walinzi huteuliwa na mikutano ya mitaa inayowafahamu tangu utotoni.