Grafu iliyopatia jana, ikakosea kesho

Wengi huamini kwamba grafu ikifuata vizuri takwimu za zamani, basi na kesho inaijua. Si lazima. Mwaka 1920 watafiti wawili Wamarekani, Raymond Pearl na Lowell Reed, walichukua sensa za Marekani tangu 1790, wakachora mstari wenye umbo la S: unaanza taratibu, unapanda kwa kasi, kisha unalala. Ulizifuata sensa hizo kwa karibu mno, hata ile ya 1930 iliyokuja baadaye. Hapo hata mimi ningeshawishika. Kikomo cha mstari huo kilikuwa watu milioni 197 hivi. Sensa ya 1970 ikahesabu milioni 203, na idadi ikazidi kupanda. Hesabu haikukosewa, ila fomula ya mstari huo haikuwa na habari za watoto wengi waliozaliwa baada ya Vita Kuu ya Pili, wala za wahamiaji.