Vidonge vya kunenepa na homoni zako: maswali ninayoulizwa kila wiki

Nafanya kazi kituo cha afya huku upande wa Mbagala, na kuna jambo naliona sana nataka liishe. Wadada, na siku hizi hadi wakaka, wanakuja uso umevimba, presha juu, sukari juu, au mbaya zaidi wanaletwa wamebebwa hawajiwezi, na ukiuliza uliza sana unakuta kuna kikopo kisicho na lebo kilinunuliwa mtandaoni au kwa shoga wa saluni. Vidonge vya kunenepa. Maswali yenyewe ndo haya.

Homoni ni nini kwani?

Ni ujumbe wa kikemikali. Seli za tezi fulani zinautoa, unasafiri kwenye damu, seli za mbali zenye kipokezi chake zinaupokea na kuutii, zisizo na kipokezi unazipita tu. Insulini ni homoni, adrenalini ni homoni (ile inayokudunda moyoni bodaboda ikikukosa kosa), na kotisoli pia.

Na zile kemikali za ubongo nazo ni homoni?

Kazi inafanana ila njia tofauti. Kwenye mishipa ya fahamu seli inamwaga kemikali kwenye kaupenyo kadogo sana, seli ya jirani inapokea hapohapo, ni haraka mno. Mwaka 1921 Otto Loewi kule Austria alichukua mioyo miwili ya vyura, akausisimua mshipa wa fahamu wa moyo wa kwanza, mapigo yakapungua, alafu akachukua yale maji yaliyokuwa ndani ya huo moyo akayahamishia kwenye wa pili, na wa pili nao ukapunguza mapigo wakati mshipa wake hakuna aliyeugusa. Kemikali ile baadae ikajulikana ni asetilikolini. Nawaambia hii kwasababu ndo ilivyo mpaka leo, seli haiulizi ujumbe umetoka wapi. Ukishaletwa inatii.

Sasa hivyo vidonge vina nini? Mimi niliambiwa ni vitamini.

Sio vitamini. Vingi tunavyoletewa ni deksamethasoni, wenyewe mnaita deksa, au prednisoloni, na mara nyingi vinachanganywa na siproheptadini. Siproheptadini, dawa ya mzio, inaziba vipokezi vya histamini na serotonini (kemikali za ujumbe za mwili wenyewe), ndo maana unasikia njaa na usingizi mzito, na wengine wanaendesha pikipiki katika hali hiyo. Deksa yenyewe inajifanya kotisoli. Na sio kotisoli ya kawaida, miligramu kwa miligramu ina nguvu kama mara 25 hivi, alafu wewe unameza asubuhi na jioni miezi mitatu.

Mbona nanenepa kweli?

Hunenepi ndugu yangu. Ni maji, na mafuta yanahamia usoni, tumboni na nyuma ya shingo, huku misuli ya mikono na miguu inaliwa. Hizo hips ulizoahidiwa utazisubiri sana. Kinachokuja ni mashavu, chunusi, michirizi, mifupa kulegea, vidonda visivyopona na sukari ambayo hukuwa nayo.

Nimeshaona madhara, si naacha tu leo?

HAPANA. Hili ndo swali lililonifanya niandike, naomba lisomwe taratibu.

Kotisoli yako inatengenezwa na tezi mbili zilizokaa juu ya figo. Ubongo unaituma tezi ya pituitari, katezi kadogo kalikokaa chini yake, pituitari inazituma hizo tezi mbili, kotisoli ikitosha kwenye damu ubongo unaona na kunyamaza. Ni kama simtanki lenye boya. Maji yakijaa boya linafunga koki. Wewe ukileta boza ukajaza tanki kila siku, boya linafunga maji ya bomba moja kwa moja, na pampu ikikaa miezi bila kazi inakamata. Siku boza halijaja unafungua bomba, hakuna kitu. Tezi zako nazo hivyohivyo, ukimeza wiki tatu na kuendelea zinaweza kulala, na kuziamsha ni wiki au miezi, wengine hata mwaka.

Na kotisoli sio pambo, bila hiyo presha haisimami na sukari inashuka. Ukiacha ghafla unaanza kuchoka hujielewi, kichefuchefu, tumbo, kizunguzungu ukisimama, alafu ukipata kamalaria au kuhara kidogo tu, unaanguka. Unaweza kufa, sikutishi.

Sasa unasema nisiache, niendelee?

Wala usiendelee kujitibu. Njoo hospitali leo au kesho na kikopo mkononi, tujue ni nini na umemeza muda gani, alafu daktari akupunguzie dozi kidogo kidogo. Usiache ghafla mwenyewe, usipunguze kwa kukisia, usihamie kwa muuzaji mwingine.

Naogopa kusema, si watanipima wataona wenyewe?

Hatuoni. Juzi juzi tuliletewa binti anatapika, presha imeshuka hadi 80 kwa 50, nyumbani siku mbili nzima wanasema malaria, wamempa na dawa ya malaria. Kipimo hakina malaria. Tunamuuliza kuna dawa unatumia, hapana, tunauliza tena, hapana. Ni dada yake ndo alifungua pochi akatoa kikopo. Akapewa sindano ya haidrokotisoni, yaani kotisoli yenyewe kama dawa, na dripu, ndani ya saa chache akawa anaongea. Hizo siku mbili zilipotea bure na zingeweza kumwondoa. Kwahiyo sema. Ukiulizwa unatumia dawa gani, SEMA, hata kama mume yupo pembeni, hata kama mama mkwe kakaa hapo, omba faragha tutawatoa nje.

Mimi simezi, napaka tu mkorogo. Hainihusu?

Inakuhusu. Krimu nyingi za kung'arisha zina klobetasoli, ni steroidi kali, yaani dawa ya jamii moja na deksa na prednisoloni, na ukipaka mwili mzima kila siku inapenya ngozi na kuingia kwenye damu, tezi zinalala vilevile. Kama umepaka miezi, na wewe usiache ghafla, njoo na hiyo kopo.

Mimi prednisoloni nimeandikiwa na daktari kwa ajili ya pumu, niitupe?

Usitupe! Hiyo ni tiba, kuna watu inawaweka hai. Meza kama ulivyoandikiwa, zisikuishie, na ukitaka kuacha rudi kwa aliyekuandikia. Jibu ni lilelile, usiache ghafla mwenyewe.

Niliacha miezi miwili iliyopita na niko fresh. Nimepona?

Inawezekana tezi zimeamka, inawezekana zinasinzia bado. Mwili ukiumwa au ukifanyiwa operesheni unahitaji kotisoli nyingi kuliko siku za kawaida, na hapo ndo zinashindwa. Kwa hiyo mwaka mzima huu ukilazwa, ukienda kujifungua, ukipata ajali, mwambie anayekuhudumia kwamba uliwahi kutumia. Mwambie na mtu wa nyumbani, maana siku ya kuzidiwa wewe hutaongea.

Nikija mtanisema?

Kama kuna mtu alikusema nakuomba radhi kwa niaba yake. Njoo asubuhi, hata kama kopo limebaki tupu lete hivyohivyo. Ila kama unatapika, au ukisimama macho yanaingia giza, usisubiri asubuhi, tafuta bajaji usiku huohuo nenda hospitali ya karibu, na neno la kwanza mlangoni liwe jina la kile ulichokuwa unameza.