Makinikia ni nini, na thamani yake hujulikanaje?

Makinikia ni unga mzito wa rangi ya kijivu kilichokoza, unaobaki baada ya mawe ya mgodini kusagwa na sehemu kubwa isiyo na faida kutupwa. Mwaka 2017 vyombo vya habari viliyaita "mchanga wa dhahabu", na watu wengi wakaamini kwamba kuna kampuni zinazozoa kifusi na kukipakia melini. Si mchanga, na si dhahabu pia. Ni zao la katikati: limeshatoka kinuni, halijafika kwenye tanuri. Ndani yake kuna shaba, chuma na salfa vilivyoshikamana, na humo humo kuna dhahabu na fedha kwa kiasi kinachohesabiwa kwa gramu katika kila tani.

Si kila mgodi wa dhahabu unatoa makinikia. Nchini Tanzania, migodi ya Geita na North Mara hutoa mikuo, yaani matofali ya dhahabu ambayo haijasafishwa kikamilifu. Bulyanhulu, na Buzwagi kabla haujafungwa, ilitoa mikuo na makinikia pamoja, ingawa migodi yote hii imo katika ukanda ule ule wa miamba ya kale kusini na mashariki mwa Ziwa Victoria. Tofauti iko kwenye shaba. Tangu mwaka 1887, mbinu ya sianidi ilipogunduliwa Glasgow, migodi mingi huyeyusha dhahabu kwa maji yenye sianidi kidogo, kisha huikamata kwa mkaa maalumu. Lakini shaba nayo huila sianidi, tena kwa pupa. Mwamba ukiwa na shaba ya kutosha, mgodi unajikuta unanunua kemikali ya bei kubwa ili kuyeyusha metali ambayo haikuikusudia. Kuna tatizo la pili: baadhi ya chembe za dhahabu zimefungwa ndani ya madini ya salfa, hasa piraiti na kalkopiraiti, na sianidi haizifikii hata ukiusaga mwamba uwe laini kama unga.

Haya yote hujulikana mapema, wakati wa utafutaji, miaka kadhaa kabla kinu cha kwanza hakijasimikwa. Watu hudhani utafiti wa madini ni kuchoronga tu na kuona kama dhahabu ipo. Kwa kweli kujua kwamba ipo ndiyo sehemu nyepesi. Choronge, ule mche wa mwamba unaotoka kwenye bomba la mashine, hupasuliwa kwa urefu. Nusu moja huenda maabara, nusu nyingine hubaki kwenye sanduku ghalani ili atakayetilia shaka aje aikague. Nusu iliyokwenda maabara haipimwi gramu tu. Kipande chake husagwa na kuzungushwa ndani ya chupa yenye sianidi kwa siku moja au mbili, ili kuona dhahabu inatoka asilimia ngapi na sianidi imeliwa kiasi gani. Kingine huwekwa chini ya hadubini ili mtaalamu aone chembe za dhahabu zimekaa wapi: pembeni mwa madini ya salfa, katikati yake, au peke yake ndani ya jiwe jeupe la kwazi. Kingine hujaribiwa kwa povu. Majibu hayo ndiyo yanayoamua kiwanda kitajengwaje, na kwa hiyo ndiyo yanayoamua kama nchi itakuwa na makinikia au haitakuwa nayo.

Povu ndilo moyo wa jambo lenyewe. Mwamba uliosagwa huchanganywa na maji kwenye tangi, ikaongezwa chokaa na kemikali iitwayo zanthati. Zanthati hung'ang'ania chembe za madini ya salfa na kuzifanya zikatae maji, kama jani la gimbi lisivyolowa hata ulimwagie ndoo. Kisha hewa hupulizwa kutoka chini. Chembe zinazokataa maji hujibandika kwenye mapovu na kupanda nayo juu, huku kwazi na udongo wa kawaida vikizama na kwenda kwenye bwawa la topesumu, yaani la mabaki ya kinu. Povu hukwanguliwa, huchujwa na kukaushwa. Kinachobaki kwenye kichujio ndicho makinikia. Chokaa nayo ina kazi yake: huzuia piraiti tupu isipande kwa wingi, maana mnunuzi wa shaba hataki kulipia chuma. Mbinu hii ilianza kutumika kwa kiwango kikubwa Broken Hill, Australia, mwanzoni mwa karne ya 20, kwa ajili ya zinki na risasi. Leo sehemu kubwa ya shaba inayochimbwa duniani hupita kwenye mapovu.

Sasa tufanye hesabu, kwa sababu bila hesabu makinikia hayaeleweki. Tuchukue mfano wa kubuni wa mwamba wenye shaba asilimia 0.5 na dhahabu gramu 10 kwa tani. Tani 1,000 za mwamba huo zina tani 5 za shaba na kilo 10 za dhahabu. Mapovu yakikamata asilimia 90 ya shaba, hizo ni tani 4.5. Makinikia yakiwa na shaba asilimia 20, uzito wake wote ni tani 22.5. Tani 1,000 zimekuwa 22.5, hapo ndipo faida ya kusafirisha inapoonekana. Dhahabu je? Tuseme kilo 4 zimekamatwa mapema kwa mitambo inayotenga chembe kwa uzito wake, kwa kanuni ile ile ya mwalo wa mchimbaji mdogo, ambapo maji huondoa mchanga mwepesi na dhahabu nzito hubaki, na hizo zikawa mikuo. Kilo 1 imepotea na mabaki. Kilo 5 zimepanda na povu. Gawanya gramu 5,000 kwa tani 22.5, unapata gramu 222 hivi kwa kila tani ya makinikia.

Wahandisi huiita hesabu hii mizania: kilichoingia lazima kilingane na kilichotoka, ukijumlisha kilichopotea. Inafanya kazi pande zote mbili, na huo ndio ufunguo wa kuelewa ugomvi wa 2017.

Mwanzoni mwa Machi mwaka huo serikali ya Tanzania ilizuia usafirishaji wa makinikia nje. Rais John Magufuli aliunda kamati ya wataalamu chini ya Profesa Abdulkarim Mruma kuchunguza makontena 277 yaliyokwama bandarini Dar es Salaam. Ripoti ilikabidhiwa tarehe 24 Mei. Kamati ilisema wastani wa dhahabu kwenye sampuli zake ni gramu 1,400 kwa tani, wakati kiwango kilichokuwa kikitangazwa kilikuwa gramu 200 hivi. Kontena moja hubeba tani 20 kwa makadirio, kwa hiyo makontena 277 yangekuwa na tani 1.1 za dhahabu kwa kiwango kilichotangazwa, au tani 7.8 kwa kiwango cha kamati. Waziri wa Nishati na Madini, Profesa Sospeter Muhongo, aliondolewa siku hiyo hiyo. Kampuni ya Acacia, iliyomiliki migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, ilikataa matokeo hayo. Mwezi Julai ikapelekewa dai la kodi, faini na riba la dola bilioni 190 za Marekani.

Mjadala mitaani ulikuwa nani mwongo. Mimi nadhani lilikuwepo swali bora zaidi. Rudi kwenye mfano wetu na uigeuze mizania. Kama tani 22.5 za makinikia zina gramu 1,400 kila moja, humo kuna kilo 31.5 za dhahabu, na zote zimetoka kwenye tani 1,000 za mwamba. Kwa hiyo mwamba wenyewe ulipaswa kuwa na zaidi ya gramu 31 kwa tani, kabla hata hujahesabu mikuo na kilichopotea. Hilo linaweza kukaguliwa kwa choronge zilizoko ghalani, kwa sampuli za kila zamu kinuni na kwa mabaki yaliyoko bwawani. Acacia wenyewe walijitetea kwa njia ya namna hiyo, wakisema takwimu za kamati zingewafanya wawe kati ya wazalishaji wakubwa kabisa wa dhahabu duniani. Mfano wangu ni wa kubuni na haumhukumu mtu. Unaonyesha tu kwamba kontena halikaguliwi peke yake. Na serikali ilikuwa na hoja yake nzito: nchi iliyotegemea tamko la muuzaji na vipimo vichache bandarini ilikuwa haina mizania yake yenyewe ya kulinganisha.

Kuchukua sampuli ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Dhahabu haikai sawasawa. Punje moja iliyoangukia kwenye kijiko cha sampuli inaweza kupandisha kiwango, na ikikosekana kikashuka. Makinikia pia husafiri na unyevu, na asiyeutoa unyevu kwenye uzito anauza maji kwa bei ya dhahabu. Ndiyo maana sampuli huchotwa kidogo kidogo wakati mzigo unapakiwa, toka mwanzo hadi mwisho, si kwa kufungua mlango wa kontena na kuzoa kilicho juu. Maabara hupima kwa tanuri: unga huchanganywa na oksidi ya risasi na boraksi, huyeyushwa katika joto la nyuzi zaidi ya 1,000, risasi ikakusanya dhahabu yote. Kisha risasi hunywewa na kikombe maalumu, ikabaki shanga ndogo ya dhahabu na fedha. Asidi ya naitriki huiondoa fedha, na kinachobaki kinawekwa kwenye mizani. Kwa kawaida muuzaji anapima, mnunuzi anapima, kila mmoja kwa siri, kisha wanabadilishana majibu. Yakitofautiana kupita kiasi walichokubaliana, maabara ya tatu huamua.

Kwa nini basi yasiyeyushwe hapa hapa? Swali hili ni halali, na sheria za 2017 kuhusu rasilimali za nchi zilitaka madini yaongezewe thamani nyumbani. Kikwazo si ujuzi, ni wingi. Kiyeyushio cha shaba hakizimwi na kuwashwa kama jiko; kinataka kulishwa usiku na mchana, na kinatoa gesi ya salfa ambayo lazima igeuzwe kuwa asidi na ipate mnunuzi. Kamoa-Kakula, karibu na Kolwezi nchini Kongo, walijenga chao chenye uwezo wa tani 500,000 za shaba kwa mwaka kwa sababu wana mwamba wa kukilisha. Bulyanhulu ni mgodi wa dhahabu wenye shaba kidogo, na Buzwagi ulikuwa hivyo hivyo. Dunia mbili tofauti.

Barrick, kampuni ya Kanada iliyokuwa na hisa nyingi za Acacia, iliichukua yote mwaka 2019. Januari 2020 ikasaini makubaliano na serikali: dola milioni 300 za kumaliza madai, kampuni ya ubia ya Twiga Minerals, na hisa asilimia 16 za serikali katika migodi. Usafirishaji wa makinikia ukaruhusiwa tena mwaka huo. Mrabaha wa dhahabu ulikuwa umeshapanda kutoka asilimia 4 hadi 6 kwa marekebisho ya 2017, pamoja na ada ya ukaguzi ya asilimia 1, na usimamizi ukawa chini ya Tume ya Madini.

Mtihani unaofuata uko Kabanga, wilayani Ngara, karibu na mpaka wa Burundi. Huko madini ya salfa yamebeba nikeli, pamoja na shaba na kobalti, na mpango ni kuyapitisha kwenye mapovu mgodini, kisha makinikia yapelekwe Kahama, kwenye eneo la uliokuwa mgodi wa Buzwagi, yasafishwe kwa maji na kemikali badala ya tanuri. Ubia wake, ambao serikali ina asilimia 16, ulisainiwa Januari 2021. Mpango huo ukitimia, makinikia yatapimwa mara mbili ndani ya nchi, yakitoka Ngara na yakiingia Kahama, na metali itakayotoka mwisho itaonyesha kama vipimo hivyo viwili vilisema kweli.